Kelele Hufutwa Sikioni, Si Kwenye Simu

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kibanda changu cha simu hapa Ruhembe linahusu iPhone. Mteja ana Tecno au Infinix mfukoni. Ameona abiria mwenzake kwenye basi la Morogoro amevaa eapodi, amesinzia kana kwamba yuko chumbani kwake, naye anazitaka hizo zinazofuta kelele. Anafungua kasha, anazigeuzageuza, kisha anasita. "Lakini fundi, hizi si mpaka niwe na iPhone?"

Jibu langu ni hapana, na nimeamua kulieleza kwa urefu kwa sababu wasiwasi huo unawagharimu watu fedha. Wapo wanaofikia kukopa wabadili simu nzima wakati walichohitaji ni spika tu za masikioni. Wapo wanaopewa zawadi na ndugu aliyeko mjini wakaiweka kabatini, wakiamini simu yao haiiwezi. Kazi ya kufuta kelele inafanyika ndani ya kile kidude kilichoingia sikioni. Simu inaleta muziki, mahubiri au sauti ya mtu aliyekupigia, basi.

Hapa kwetu jambo hili si la anasa. Ruhembe ni kata ya Wilaya ya Kilosa, upande wa kaskazini wa Mto Ruaha Mkuu, na tumezungukwa na miwa. Kiwanda cha Ruembe, ambacho wenyeji wanakiita K2, ni kimoja kati ya viwanda viwili vya muda mrefu vya Kilombero Sugar. Mwenzake, K1 cha Msolwa, kiko ng'ambo ya mto. Msimu wa kuvuna ukifunguliwa, matrekta yanavuta matela ya miwa usiku na mchana. Ukitoka kuelekea Mikumi unakutana na malori ya barabara kuu ya Zambia. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Kelele kwetu ni dalili ya riziki: ikinyamaza, ujue masika yameingia, kiwanda kimesimama na vibarua wamerudi kwao. Lakini mtu aliyetoka zamu ya usiku anahitaji kulala, mwanafunzi anahitaji kusikiliza somo, na masikio ya wote yanahitaji kutunzwa.

Kazi inafanyika wapi

Sauti ni hewa inayobanwa na kuachiwa, mara nyingi sana kwa sekunde moja. Mbano huo ukifika kwenye ngoma ya sikio unaitikisa, nawe unasikia. Spika zinazofuta kelele zina maikrofoni ndogo inayotazama nje. Ikinasa mbano unaokuja, chipu iliyo ndani ya spika hiyohiyo inatengeneza wimbi la kinyume: pale kelele inapobana hewa, spika inailegeza kwa kiasi kilekile na kwa wakati uleule. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili kwa nguvu sawa, mlango haujongei. Ngoma ya sikio nayo haitikisiki, au inatikisika kidogo tu. Spika zilizotengenezwa vizuri zina maikrofoni nyingine upande wa ndani, inayosikiliza kilichobaki ili chipu irekebishe.

Neno kubwa hapo ni wakati. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kutoka maikrofoni ya nje mpaka ndani ya sikio ni kama sentimita mbili, safari isiyofikisha hata sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Chipu lazima iwe imemaliza hesabu yake ndani ya muda huo. Sasa fikiria kelele ingepelekwa kwanza kwenye simu kwa Bluetooth, simu ikapige hesabu, kisha irudishe jibu sikioni. Bluetooth ya muziki kwa kawaida huchelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi. Katika muda huo kelele imekwisha kupita na kwenda zaidi ya mita thelathini. Kwa hiyo hata watengenezaji wangetaka, simu isingeweza kuifanya kazi hii. Ndiyo sababu simu ya laki moja na simu ya milioni mbili ziko sawa mbele ya kelele ya basi, mradi spika ziwe zilezile.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wazee wengi wa hapa kijijini. Mjerumani Paul Lueg alipeleka maombi ya hataza yake mwaka 1933, na Marekani ikampa hataza hiyo mwaka 1936. Alieleza kwa michoro jinsi wimbi moja linavyoweza kuuawa na wimbi la kinyume, lakini vifaa vya wakati wake havikuwa na wepesi wa kutosha. Mwaka 1978, Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT aliyekuwa ameanzisha kampuni ya Bose mwaka 1964, alikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Alivaa hedifoni alizopewa humo ndani, mngurumo wa injini ukaumeza muziki, naye akaanza kupiga hesabu palepale kwenye kiti. Mwaka 1986 marubani Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia na ndege ya Voyager bila kutua wala kuongeza mafuta, walivaa hedifoni za majaribio za Bose ili injini isiwaharibu masikio. Hedifoni za marubani zikaingia sokoni mwaka 1989, za abiria wa kawaida mwaka 2000. Sony ikaiingiza teknolojia hiyo kwenye vidude visivyo na waya mwaka 2017, na Apple ikatoa AirPods Pro mwaka 2019. Hapo ndipo swali la iPhone lilipoanza kutufikia huku kwetu.

Kelele gani zinafutika

Jirani yangu ana mashine ya kusaga, nami ninaitumia kama maabara. Mteja akitaka kujua kama spika zinafuta kelele kweli, ninamwambia azivae bila muziki, asogee mlangoni kwa jirani, kisha awashe na kuzima ufutaji kwa kubonyeza spika yenyewe. Kama ni za kweli, mngurumo mzito wa mashine unashuka papo hapo, kifua kinausikia lakini sikio halijali tena. Mlio mkali wa mahindi yakipigwa ndani ya kinu unabaki, ingawa umepungua.

Tofauti hiyo ina sababu. Injini ya lori yenye silinda sita ikizunguka mara 1,500 kwa dakika inatoa milipuko 75 kila sekunde. Umeme wa gridi yetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na transfoma inavuma mara 100. Hizi ni sauti nzito, zenye mawimbi marefu: wimbi la mlipuko wa lori lile lina urefu wa karibu mita nne na nusu. Linapanda na kushuka taratibu, kwa namna inayojirudia, na chipu inapata nafasi ya kulikabili. Sauti nyembamba ya mara 3,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita kumi na moja tu. Hapo ukichelewa kidogo sana, wimbi la kinyume linaangukia mahali pasipo pake na halifuti kitu. Kwa hiyo kazi ya kuzuia sauti nyembamba inaachiwa mpira unaoziba tundu la sikio.

Basi usishangae ukivaa spika nzuri na bado ukasikia jogoo, honi, mtoto anayelia au watu wanaogombana dukani. Mwalimu mmoja alinijia akidhani zake ni mbovu kwa sababu alikuwa akiwasikia wanafunzi uwanjani. Nilimwomba akajaribu kwenye basi la kwenda Morogoro. Alirudi ameridhika. Injini ya basi, feni, jenereta, treni ya SGR inayopita Kilosa kwenda Dodoma: huko ndiko vifaa hivi vinakoonyesha thamani yake. Juu ya bodaboda havifai kitu, kwa sababu upepo unapiga maikrofoni moja kwa moja na chipu inabaki ikipigana na kelele iliyozaliwa kwenye spika yenyewe. Na hata vingefaa, kwenye bodaboda sikushauri uvivae. Nitaeleza mbele kwa nini.

Mpira kwanza

Kabla hujalaumu simu, angalia mpira. Kwenye boksi kuna mipira ya saizi tatu au zaidi, na wengi hawaigusi mingine kabisa. Wanatumia ile iliyokuja imevishwa. Kama mpira ni mdogo kwa sikio lako, hewa inapita pembeni, mngurumo unaingia kwa mlango wa nyuma, na hesabu ya chipu inaharibika. Dalili ni mbili: muziki unakosa besi, na kuwasha ufutaji hakuleti tofauti kubwa. Vaa, zungusha kidogo mpaka ukae, kisha tafuna kama unakula. Ukiona sauti inabadilika taya linapotembea, jaribu saizi inayofuata. Masikio ya mtu mmoja yanaweza hata kuhitaji saizi mbili tofauti.

La pili ni uchafu, na hapa Ruhembe tuna uchafu wetu maalumu. Miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi yanaruka na kutua kila mahali, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye uji uliofunuliwa. Yanaingia pia kwenye wavu mdogo unaofunika maikrofoni. Ongeza nta ya sikio na jasho, wavu unaziba. Spika zinaanza kuvuma, kupiga mluzi, au ufutaji unakuwa dhaifu upande mmoja. Wateja wengi wanaoniletea spika "zilizokufa" wanaondoka nazo zikiwa nzima baada ya kupigwa brashi laini na kavu. Usichomeke pini wala njiti, utautoboa wavu. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Toa mpira, uoshe kwa maji matupu, uache ukauke kabisa, kisha urudishe.

Simu inabadilisha nini, basi

Nikishamweleza mteja hayo yote, ananiuliza kwa haki: kama simu haihusiki, mbona spika zilezile huonekana na mambo mengi zaidi kwenye simu fulani? Hapo ndipo penye ukweli kidogo ndani ya ule wasiwasi.

Chukua AirPods Pro na simu ya Android. Kwa za kizazi cha kwanza na cha pili, unafungua kasha, unashikilia kitufe cha nyuma mpaka taa ipepese nyeupe, kisha unazitafuta kwenye orodha ya Bluetooth kama kifaa kingine chochote. Kufuta kelele kunafanya kazi. Ukibana na kushikilia kijiti cha spika, unahama kati ya kufuta kelele na ile hali ya kupitisha sauti za nje. Unachokosa ni vya pembeni: chaji haionekani kwenye kioo kama kawaida, muziki hausimami wenyewe ukizitoa sikioni, hakuna kipimo cha kukuambia mpira umekaa vizuri, na maboresho ya programu ya ndani hayashuki mpaka spika ziwe karibu na iPhone, iPad au kompyuta ya Apple. Kama una rafiki mwenye iPhone, ziunganishe kwake mara mojamoja zijisasishe na upange vitufe unavyotaka. Mipangilio ya vitufe inakaa ndani ya spika, hivyo utarudi nayo kwenye Tecno yako.

Upande wa pili nao uko hivyohivyo. Galaxy Buds2 Pro za Samsung zinaunganika na iPhone na zinafuta kelele kwa kugusa na kushikilia, lakini programu ya Samsung ya kuzidhibiti haipo upande huo. Sony wana programu moja inayopatikana kwa Android na kwa iPhone. Oraimo, chapa ya kampuni ileile ya Transsion inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, nao wana programu yao. Ushauri wangu ni mwepesi: kama ni mtu wa kubadili simu mara kwa mara, au nyumbani kwenu kuna simu za aina mbili, nunua spika ambazo programu yake inapatikana pande zote. Na kabla ya kulipa, hakikisha ufutaji unawashwa na kuzimwa kwa kugusa spika zenyewe. Spika inayotegemea programu kwa kila kitu itakusumbua siku ukiwa na kifaa kisicho na programu hiyo.

Kompyuta ina tabia yake. Walimu na wanafunzi wa vyuo wanaohudhuria masomo ya mtandaoni huniambia spika zao zinatoa sauti nzuri kwenye simu, lakini mkutano ukianza kwenye kompyuta sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ya zamani. Spika hazijaharibika. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili: moja ya kusikiliza tu, yenye sauti pana, na nyingine ya kuongea na kusikia, ambayo hubana sauti ili pande zote mbili zipite. Kompyuta ikianza kutumia maikrofoni ya spika, inahamia njia ya pili. Dawa yake: ndani ya mipangilio ya mkutano, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe na uache spika za masikioni zifanye kazi ya kusikiliza peke yake. Sauti inarudi, na kelele za nje zinaendelea kufutwa kama kawaida.

Kwenye televisheni yenye Bluetooth, ufutaji hauna shida yoyote; kinachoweza kusumbua ni sauti kuchelewa nyuma ya midomo ya waigizaji. Televisheni nyingi zina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye mipangilio ya sauti. Kwenye kitochi, angalia kwanza kama kina Bluetooth, kwa sababu vingine vinayo na vingine havina. Wapenzi wa redio wajue jambo moja: simu nyingi hutumia waya wa iafoni kama antena ya FM. Ukivaa spika zisizo na waya, redio ya FM inaweza kukataa kushika. Chomeka waya kwa ajili ya antena, au sikiliza kituo hicho kwa intaneti.

Wengi wanahangaika pia pale spika zinapokimbilia simu nyingine. Unakaa kitandani, unawasha, zinaunganika na simu ya mwanao iliyoko sebuleni. Spika zinakumbuka vifaa zilivyozoea na hurudi kwa cha mwisho. Aina nyingine zinaweza kushika vifaa viwili kwa wakati mmoja, tuseme simu na kompyuta. Kama unafanya kazi ofisini, hiyo ni sifa ya kuitafuta. Kama hazina, zima Bluetooth ya kile kifaa usichokitumia.

Nimalizie sehemu hii na habari inayowafurahisha wafanyakazi wa zamu. Aina nyingi zinafuta kelele hata zisipounganishwa na kifaa chochote. Unazitoa kwenye kasha, unazivaa, unawasha kwa kugusa, unalala. Muuguzi mmoja mteja wangu hufanya hivyo mchana baada ya zamu ya usiku, simu yake ikiwa mbali inachaji. Afahamu tu kwamba ufutaji unakula chaji: AirPods Pro za kwanza, kwa takwimu za Apple wenyewe, zinadumu saa nne na nusu ufutaji ukiwa umewashwa, na saa tano ukiwa umezimwa.

Herufi za kwenye boksi

Mahali fedha za watu zinapopotea zaidi ni kwenye herufi tatu. Boksi moja limeandikwa ANC, jingine ENC, na wauzaji wengi wanasema zote "zinafuta kelele". Hawadanganyi kabisa, lakini hawasemi zinamfutia nani.

ANC ndiyo niliyoieleza tangu mwanzo: inakufutia wewe uliyevaa. ENC inamhusu mtu unayeongea naye kwa simu. Maikrofoni zinachuja kelele iliyokuzunguka ili yeye asikie sauti yako vizuri. Wewe kwenye kiti chako cha basi utaendelea kusikia injini yote. ENC ni kitu kizuri kwa dereva wa trekta anayepokea simu za mkubwa wake akiwa amesimama kando ya shamba, au kwa mama anayeuza samaki sokoni Ruaha na kupokea oda kwa simu. Kwa mtu anayetafuta usingizi haisaidii. Hata chapa moja, kama Oraimo, ina spika zenye ANC na nyingine zenye ENC peke yake, na kwa mbali zinafanana. Soma boksi.

Bandia nazo zipo. Kuna AirPods Pro za uongo zinazoleta hadi ile picha inayojitokeza kwenye kioo cha iPhone ukifungua kasha, kwa hiyo picha hiyo si ushahidi. Namba ya utambulisho (serial number) iliyoko kwenye kasha ikaguliwe kwenye tovuti ya Apple, na zaidi ya yote, fanya jaribio la mashine ya kusaga. Bandia nyingi ukibonyeza zinatoa mlio wa kuonyesha zimewaka, kisha mngurumo unabaki palepale. Ukiuziwa bidhaa bandia, una mahali pa kulalamika: Tume ya Ushindani ndiyo yenye mamlaka juu ya bidhaa bandia nchini. Omba risiti, hata kama unanunua kwenye kibanda kama changu.

Sikio halina spea

Nina sababu ya kulijali jambo hili kuliko biashara. Baba yangu mdogo aliendesha mashine ya kusaga tangu ujana wake, masikio wazi, na leo ukitaka kuongea naye lazima ukae mbele yake na kupaza sauti. Amejitenga na mazungumzo ya familia kwa sababu amechoka kuuliza "umesemaje?" Mimi ninatengeneza simu iliyoanguka majini na kubadili betri iliyovimba. Chembe za ndani ya sikio zikishakufa kwa kelele, hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, kiasi salama kinashuka hadi saa nne tu kwa wiki nzima. Kijana aliyevaa iafoni za kawaida kwenye basi linalonguruma hupandisha muziki mpaka uishinde injini, kisha hushangaa kichwa kinavuma akishuka. Aliyevaa spika zinazofuta kelele anasikia vizuri akiwa ameweka sauti nusu. Hii ndiyo faida kubwa ya teknolojia hii kwa maoni yangu, kubwa kuliko uzuri wa muziki. Lakini ni faida kwa anayepunguza sauti. Ukifuta kelele kisha ukapandisha muziki hadi mwisho, hujasaidia kitu.

Wafanyakazi wa mitambo ninawaambia kwa uzito: spika hizi si kinga ya kazini. Kinga halisi, ziwe za kuziba au za kufunika sikio, hupimwa na kupewa kiwango cha kupunguza kelele zote, nzito na nyembamba, na hazizimiki chaji ikiisha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Dai kinga hizo, uzivae. Eapodi zako ziache ndani ya begi mpaka zamu iishe.

Na barabarani, ufutaji uzimwe. Kutoka hapa hadi Mikumi, kwenda Kidatu au Ifakara, tunapishana na matrekta yenye matela, malori na pikipiki. Mtu anayetembea au kuendesha baiskeli amezoea kumjua anayekuja nyuma yake kwa sikio kabla ya kugeuka. Na sauti inayofutwa vizuri kuliko zote ni ileile ya injini nzito, ile ambayo ingekuonya. Tumia hali ya kupitisha sauti za nje, au toa kabisa. Dereva wa bodaboda anayepakia mtoto wa mtu hana sababu ya kuvaa chochote sikioni zaidi ya kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Mlinzi wa shamba usiku naye anategemea masikio yake kujua kinachotembea kwenye mimea.

Kwa hiyo ukija dukani kwangu au kwa fundi mwingine yeyote, acha kuuliza kama simu yako inatosha. Uliza haya: boksi linasema ANC au ENC? Mpira gani unaziba sikio langu? Ninaweza kuwasha na kuzima kwa kugusa, bila programu? Kisha omba ruhusa ya kujaribu karibu na injini yoyote inayonguruma kabla hujatoa fedha. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, rudisha fedha yako mfukoni na utafute duka jingine.